Pampu ya ngama: ipi ununue kabla ya kuvuka bahari

Wenye yoti wana lalamiko moja: pampu mpya, betri imejaa, maji yamefika kwenye mbao za sakafu, na pampu inakoroma tu. Lawama huiangukia mota. Angalia waya kwanza.

Pampu nyingi za umeme huja na waya mfupi, hivyo kiungo chake na waya wa betri huishia humo humo ngamani, sehemu ya chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, kwenye maji ya chumvi. Chana gamba lake utakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Pandisha kiungo juu kadiri waya unavyofika, tumia shaba iliyopakwa bati, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Unene nao una hesabu. Pampu ya ampea 8 iliyo mita 6 kutoka kwenye betri, waya wa milimita mraba 1 utaipunja karibu volti 1.7, wa milimita mraba 6, volti 0.3 tu.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa pampu ya mkono, Whale Gusher Titan, na sioni haya kuipendelea. Waya haina. Ifunge pale mshika usukani anapoifikia hata milango ikiwa imefungwa, na mpini uufunge kamba: ukitumbukia baharini, pampu imekufa. Nunua papo hapo diaframu (utando wa mpira unaosukuma maji) na vali za akiba, kwani mpira hukakamaa, na njiti moja ya kiberiti ikinasa kwenye vali utavuta hewa.

Ya pili ni pampu ya umeme, Rule 2000. Galoni 2,000 kwa saa za kwenye boksi hupimwa bila kupandisha maji hata kidogo. Hata ingezitoa zote, ni lita 126 kwa dakika. Tundu la sentimita 4, nusu mita chini ya maji, huingiza karibu 140. Basi funga kigingi cha mti laini cha kuzibia tundu kando ya kila vali ya maji ya bahari. Mpira wa kutolea maji uwe laini ndani, usiwe wa mikunjo, na upindwe juu kabisa ya usawa wa maji kabla ya kutoka. La sivyo yoti ikilalia ubavu, bahari hurudi ndani.

Vipampu vya galoni 500 ni vya kukaushia ngama, basi.

Wauzaji nao! Ukiomba karatasi ya vipimo unaonyeshwa picha ya boksi, na diaframu ya akiba ni “ya kuagiza”. Afadhali ndoo mbili ngumu za lita 9, zinazotakiwa na kanuni za bahari kuu za World Sailing, shirika la kimataifa la mchezo wa matanga: hizo duka la vyombo linazo leo.