Seiko 5 SNK809 inayosimamasimama: ipime kwanza, fundi baadaye

Seiko 5 SNK809 ni saa nzuri inayosingiziwa ugonjwa. Lalamiko ni lile lile, uwe Oginga Odinga Street mjini Kisumu au Kenyatta Avenue kule Nakuru: saa inatembea mchana kutwa, ukiamka asubuhi imesimama, ukiitikisa inaanza tena kana kwamba hapakuwa na neno. Inapelekwa kwa fundi, inafunguliwa, inatiwa mafuta, inalipiwa, na baada ya siku chache imesimama tena. Mara nyingi mashine yake haina kasoro yoyote. Springi yake haikujaa, basi.

Kasha lake lina upana wa milimita 37, mkanda unaingia kwenye nafasi ya milimita 18, na mfuniko wa nyuma ni wa kioo, jambo litakalotusaidia sana hapo mbele. Ndani mna mashine ya 7S26 yenye mawe 21 (vito vidogo vinavyopunguza msuguano) na mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde. Ikijaa kabisa hutembea saa 40 au zaidi kidogo. Kifungo cha pembeni kinarekebisha muda, siku na tarehe tu. Hakiwezi kuitia ufunguo. Nguvu yote inatoka kwa rota, kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapocheza. Rota inasukuma kijiti chenye ncha mbili ambacho Seiko huita Magic Lever, ubunifu wa mwaka 1959: ncha moja inavuta gurudumu, nyingine inalisukuma, kwa hiyo springi inajazwa rota ikienda kulia au kushoto. Ni utaratibu wenye vipande vichache na unadumu. Lakini hauna njia ya mkato: mkono usipocheza, springi haijai.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. 7S26 huanza kutembea ikiwa na nguvu kidogo mno. Ukiitikisa mara tano, mshale wa sekunde unaondoka, nawe unadhani umeijaza. Umeipa nguvu ya muda mfupi tu. Kuanza kutembea na kujaa ni mambo mawili tofauti, na saa iliyotikiswa asubuhi kisha ikakaa mkononi mwa keshia anayeketi mpaka jioni itaishiwa usiku huo huo. Mchuma chai wa Kericho au mwalimu anayeandika ubaoni ataijaza bila kufikiri. Mwenye bodaboda asishangae yake ikizima: pikipiki inatetemesha mkono, ndiyo, ila mkono wenyewe umeshika usukani mahali pamoja, na rota inahitaji mkono ugeuke, si utetemeke.

Piga hesabu pia kabla hujalaumu. Saa iliyojaa kabisa ukiivua Ijumaa saa tatu usiku, saa 40 zinaisha Jumapili saa saba mchana. Ukiichukua Jumatatu asubuhi uende kazini na kuikuta imezima, haijakosea. Ikizima Jumamosi mchana, hapo kuna neno.

Kipimo chenyewe ni hiki. Ivae siku mbili mfululizo za shughuli za kweli, mchana kutwa, bila kuiacha isimame katikati. Usiku wa siku ya pili ilaze mezani uso ukitazama juu, uandike saa uliyoiweka. Usiiguse. Rahisi ni kuiweka karibu na simu na kuipiga picha kila baada ya saa chache. Ikishasimama, mishale na tarehe vitakuonyesha ilipokatikia. Ikifika saa 36 na kuendelea, mashine ni nzima na tatizo ni namna inavyovaliwa. Ikikata kabla ya saa 24, kuna ubovu, na sasa swali ni upande upi: ule unaojaza springi, au ule unaotumia nguvu ya springi?

Kujua hilo lazima springi ijazwe bila kutumia rota. Fundi anaweza kufungua mfuniko na kuzungusha parafujo kubwa iliyo katikati ya gurudumu la springi kwa bisibisi, polepole, mpaka ahisi springi inateleza ndani ya pipa lake. Springi ya otomatiki imeundwa iteleze ikijaa, haikatiki kwa kuzidishwa. Kisha saa inalazwa tena na kuhesabiwa. Ikifika saa 40 safari hii, springi na magurudumu yako sawa, kosa liko kwenye rota, kijiti cha Magic Lever au gurudumu linalokiunganisha na springi. Ikikata mapema vile vile, rota haina hatia. Tafuta kwenye springi, mafuta na magurudumu. Kipimo hiki ni dakika chache za kazi na siku mbili za kungoja, na ndicho kinachorukwa zaidi. Fundi anayekubali kukifanya kabla ya kutaja bei ya kuosha mashine anastahili kazi yako.

Upande wa rota unaweza kuukagua mwenyewe kupitia kioo cha nyuma. Shika saa wima kama picha iliyotundikwa ukutani, uigeuze taratibu. Rota inapaswa kuanguka chini kila mara bila kusita. Ikikwama mahali, au ukisikia mkwaruzo wa chuma, parafujo ya katikati imelegea au gololi zake zimechakaa na rota inagusa mfuniko. Parafujo iliyolegea inakazwa kwa dakika mbili. Kisha tazama lile gurudumu la springi wakati rota inazunguka: linapaswa kusogea, kidogo kidogo, rota ikienda huku na ikirudi. Likisogea upande mmoja tu, ncha moja ya kijiti haishiki meno, ama imechakaa ama imelowa mafuta mengi ikawa inateleza. Hili la mafuta mengi ni kazi ya mikono, halitokei lenyewe.

Mahali saa inaposimamia ni ushahidi, na watu huufuta kwa haraka yao ya kuitikisa. Kabla hujaigusa, soma mishale. Ikisimama mara kwa mara kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, nguvu ni ndogo: huo ndio muda ambao mashine inabeba mzigo wa kugeuza tarehe na siku, na springi dhaifu inashindwa hapo kwanza. Muda huo pia usibadilishe tarehe kwa kifungo, kwa sababu meno ya kalenda yameshikana na unaweza kuyavunja. Kama mishale imesimama kwa pembe yoyote ile, saa yoyote, lakini mshale wa sekunde uko pale pale kila mara, kuna uchafu au jino bovu kwenye gurudumu lake, au mshale wenyewe umepinda na unagusa kitu. Ikisimama kila mshale wa dakika unapopita juu ya ule wa saa, mishale inagusana. Fundi ainyooshe, hakuna haja ya kuosha chochote. Na ikitembea imelala kifudifudi lakini ikazima ikisimamishwa ubavu, au kinyume chake, shuku ekseli ya gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huku kupima muda, hasa kama saa imewahi kuanguka sakafuni.

Sumaku inatajwa sana, na kwa kusimama inasingiziwa. Spika kubwa ya redio au woofa ya matatu inaweza kuisumbua saa, lakini dalili yake ya kawaida ni kukimbia, dakika nzima nzima kwa siku, kwa sababu mizunguko ya springi ile nyembamba ya mizani inanatana. Isogeze saa karibu na dira ndogo. Sindano ikiyumba sana, fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku ataimaliza kwa sekunde chache. Seiko yenyewe inaruhusu mashine hii ipoteze sekunde 20 au izidishe sekunde 40 kwa siku, kwa hiyo kuzidisha nusu dakika si ubovu.

Unyevu ndio adui wa kweli huku kwetu. SNK809 imepewa kiwango cha mita 30, na maana yake ni kunawa mikono na manyunyu, si kuogelea ziwani Dunga. Kifungo chake kinasukumwa tu, hakifungwi kwa hesi. Ukungu ukitokea chini ya kioo unapotoka juani Kisumu na kuingia benki yenye kiyoyozi, maji yameshaingia. Usiianike juani wala usiizike kwenye mchele. Ifunguliwe siku hiyo hiyo ikaushwe, mpira wa mfuniko ubadilishwe na upakwe grisi ya silikoni, maana kutu ikianza kwenye meno ya chuma, saa itasimama kwa sababu ambayo haioshwi na petroli.

Nataka nikazie hilo la petroli. Kuchovya mashine nzima kwenye petroli kisha kudondosha mafuta ya cherehani kila mahali si sevisi. Mafuta yakifika kwenye springi ya mizani, mizunguko inashikana. Yakimwagwa kwenye uma unaoachilia meno, unakuwa mzito. Ekseli za uma huo huachwa kavu kwa makusudi. Sevisi ya kweli ni kuvunja mashine kipande kwa kipande, kuosha, kuweka mafuta mepesi kwenye magurudumu ya kasi na mazito kwenye ya polepole, na kupaka grisi maalumu kwenye ukuta wa ndani wa pipa la springi. Grisi hiyo ikikosekana springi inateleza kabla haijajaa, na unapata saa inayokata baada ya saa 15 au 20 hata ukikimbia nayo mbio za marathoni. Uliza kama fundi ana mashine ya kupimia mapigo. Aipange mashine hiyo ya kupimia kwa “lift angle” ya nyuzi 53, ajaze springi ya saa, asome upana wa mzunguko wa mizani uso ukiwa juu. Zaidi ya nyuzi 250 ni afya njema. Chini ya 200 springi ikiwa imejaa, saa inahitaji kuoshwa kweli. Omba usomaji wa kabla na wa baada. Ni haki yako, umelipia.

Kwa anayenunua mtumba sokoni Kibuye au mtandaoni: geuza saa usome nyuma. SNK809 halisi imeandikwa 7S26-02J0. Namba ndefu ya pembeni inaanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, ikifuatwa na mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Saa ya miaka kumi isiyowahi kufunguliwa ina mafuta makavu, kwa hiyo punguza bei kwa gharama ya sevisi. Seiko 5 yenye uso mpya unaong'aa rangi kali lakini nyuma imeandikwa 7009 ni mashine ya zamani ya mawe 17 iliyopakwa rangi upya, aghalabu ikiwa na vipande vya saa tofauti ndani. Hiyo itasimama, na hakuna kipimo nilichotaja kitakachoiokoa kwa bei nafuu.

Hukumu yangu basi. Kama kazi yako inautembeza mkono, SNK809 ni nyepesi, inasomeka vizuri na ina mashine ambayo vipuri vyake vinapatikana. Kama unaketi, au unabadilisha saa kila siku, usijitese nayo. Chukua Seiko 5 Sports za kuanzia 2019 zenye mashine ya 4R36: mawe 24, saa 41, na kifungo chake kinatia ufunguo. Mizunguko 20 inakupa kama saa 10, mizunguko 55 inaijaza, na kipimo cha rota dhidi ya springi unakifanya nyumbani bila bisibisi. Angalia tu kifungo kimesukumwa mpaka mwisho. Kwenye 4R36 kikivutwa nje mashine inasimama ili uweke sekunde, tofauti na 7S26 ambayo sekunde zake huendelea.

Wapo pia wanaobadilisha 7S26 mbovu kwa NH36, ndugu wa 4R36, badala ya kuosha. Inaingia, na mara nyingi inagharimu chini ya sevisi kamili. Mwambie fundi akague kwanza diski za kalenda: NH36 nyingi zimepangwa kwa saa ambayo kifungo kiko kwenye namba 3, ilhali cha SNK809 kiko chini zaidi, karibu na 4. Asipohamisha diski za zamani, siku na tarehe zitakaa upande ndani ya dirisha.