Botswana au Museveni: nani alimjibu Trump vizuri?

Juzi kijiweni Mwanjelwa, kahawa mkononi na baridi la Mbeya hili, ubishi ukarudi kwenye lile tusi la Januari 2018, Trump aliporipotiwa kuziita nchi za Afrika kwa neno la chooni kwenye kikao cha uhamiaji, japo mwenyewe alikana.

Botswana hawakungoja. Wakamwita balozi wa Marekani wakamuuliza waziwazi, je na sisi mnatuhesabu humo? maana kuna Wabotswana wanaishi kwenu na Wamarekani wanaishi kwetu. Wakasema kauli hiyo ni ya kibaguzi. Mi hapo nawapenda sana aisee, nchi ya watu kama milioni mbili tu lakini haikuinamisha kichwa, na swali lenyewe lilikuwa la adabu ila linachoma. Senegal nao walimwita balozi, na mabalozi wa Afrika kule Umoja wa Mataifa wakadai Trump aombe radhi.

Museveni yeye siku chache baadae, mbele ya wabunge wa Afrika Mashariki pale Kampala, akasema anampenda Trump kwa sababu anawaambia Waafrika ukweli, kwamba tujiimarishe wenyewe. Kaka mmoja dereva bajaji akamtetea, kwamba udhaifu wetu upo na tuusikie. Sawa, upo, lakini kaka, mgeni akimtukana mama yako we unaanza kuhesabu nyufa za nyumba? Mi nipo na Botswana.