Mchoro wa kabati la kale: mchoraji huyu anaijua mbao

Nimekaa na mchoro huu karibu mwezi mzima, umetundikwa mbele ya meza ninayofanyia kazi, na bado sijaumaliza. Ni nakala ya mchoro wa wino: kabati la kale la droo nne, droo ya juu imevutwa nje kidogo. Hiyo droo ndiyo iliyonifanya ninunue.

Ubavuni mwake yanaonekana meno ya kiungo, yale yanayopanuka kama mkia wa njiwa. Hayalingani. Moja nene, la pili jembamba, la tatu limeinama kidogo, na kwenye mashina yake umepita mstari mwembamba ambao fundi aliukwaruza ili msumeno usivuke. Hiyo ni alama ya mkono, kwa sababu mashine ingeyakata yote sawasawa. Mchoraji asiyeijua mbao angeyanyoosha ili yapendeze, na kabati zima lingekuwa uongo.

Halafu kuna ufa wa ubao wa juu. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, urefu wake haubadiliki sana, kwa hiyo ufa hufuata nyuzi. Humu umefuata nyuzi kweli, ukalikwepa fundo, ukafifia kabla ya kufika ukingoni. Kingo za chini za droo nazo zimelika kwa kuvutwa na kurudishwa miaka mingi.

Thomas Chippendale, fundi wa London, alipochapisha kitabu chake cha michoro ya samani mwaka 1754, alichora vitu ambavyo mteja angeweza kuagiza. Michoro ya namna hiyo hutangulia randa na patasi. Huu umekuja baada ya kila kitu, na ndiyo maana naupenda kuliko ile mizuri ya samani mpya.

Kasoro ipo: mguu wa nyuma wa kushoto umekaa juu kuliko inavyopasa, kana kwamba sakafu imeinuka. Karatasi nayo inang'aa mno, usiitundike ikitazama dirisha.

Ukiununua, tafuta nakala kubwa. Jana niliusogelea na kioo cha kukuzia, nikachungulia ndani ya droo iliyo wazi, mahali palipojaa kivuli cha mistari iliyopishana. Pale chini kuna duara hafifu, alama ya chupa iliyowahi kusimama hapo.