Maiki ipi ununue kwanza kama unaanzisha podikasti YouTube

Wengi wanaotaka kuanzisha podikasti YouTube huanza kwa kuulizia kamera. Wananunua taa ya duara, wanatafuta viti viwili vya kupendeza, wanachapisha bango lenye jina la kipindi, na hela iliyobaki ndiyo inakwenda kwenye maiki. Ugeuze mpangilio huo. Mtazamaji atavumilia picha ya simu ya kawaida kwa saa nzima, maana mara nyingi hata haitazami: simu imelazwa juu ya kabati, yeye anapika au anapiga pasi. Sauti inayotoka kama mtu anaongea ndani ya pipa hataivumilia hata dakika mbili.

Kwa hiyo orodha hii ni ya maiki tu. Kama simu yako inarekodi 1080p, kamera unayo tayari. Tumia ile ya nyuma, kaa ukitazama dirisha badala ya kulipa mgongo, nunua stendi ya simu isiyoyumba, tuendelee. Nimezipanga kuanzia ile ambayo ningemwambia mdogo wangu anunue leo hadi ile ambayo ningemzuia. Kigezo si jina la kampuni. Vigezo ni chumba utakachorekodia, idadi ya watu watakaoongea, na tundu lililopo kwenye simu yako.

Chumba nakitaja kwanza kwa sababu ndicho kinachoharibu maiki nzuri. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji na sakafu ya vigae, na sauti ikigonga hapo inarudi. Sebule inapendeza kwenye picha, lakini chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililoachwa wazi kinaishinda kwa mbali. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize: mlio ukiendelea baada ya mikono kutulia, maiki itaunasa huo pia. Tundika blanketi upande wa nyuma ya kamera, pale pasipoonekana. Zima feni. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha kipindi, hakuna kifaa cha kukuokoa.

Ya kwanza: maiki ya waya ya kubana kwenye nguo

Najua haina mvuto. Haionekani kwenye picha, haina taa, na haimfanyi mtu aonekane mtangazaji. Lakini kwa anayeanza na simu peke yake, hela haifanyi kazi zaidi ya hapa. Inayojulikana zaidi ni BOYA BY-M1, ambayo kwenye maduka ya mtandaoni ya nje huwa takriban dola 15 hadi 20. Ukiikuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ongeza au punguza kulingana na ushuru na ulimi wako. Waya wake una urefu wa mita 6, kwa hiyo simu inaweza kusimama mbali na wewe ukabaki na sauti ya karibu.

Ubora wake unatokana na jambo moja tu: iko karibu na mdomo. Inashika sauti kutoka pande zote, haichagui, hivyo ukiibana tumboni itakuletea chumba kizima. Iweke kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu, mahali ambapo mkufu, ushungi au kola havitaigusa. Ina kitufe chenye nafasi mbili, simu na kamera. Ukiwa na simu kiache upande wa simu. Kile kibetri kidogo cha LR44 kinachokuja nayo ni cha upande wa kamera.

Angalia ncha ya waya. Maiki ya simu huwa na mistari mitatu kwenye ile pini ya 3.5 mm, yenye mistari miwili ni ya kamera, na kwenye simu nyingi haitasikika. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, kuna BOYA BY-M3 yenye kichwa cha USB-C. Ukiamua kutumia kiunganishi badala yake, kijaribu hapo hapo dukani, kwa sababu viunganishi vingi vya bei rahisi vinatoa muziki tu bila kupokea sauti ya maiki. Watumiaji wa iPhone wakumbuke kwamba tundu la hedifoni liliondolewa tangu iPhone 7 mwaka 2016, na USB-C ilikuja na iPhone 15 mwaka 2023. iPhone zote za katikati hapo zinatumia Lightning, tundu la Apple wenyewe.

Kuna mtego mwingine upande wa Android. Baadhi ya simu, programu yake ya kamera inapuuza maiki ya nje na kuendelea kurekodi kwa maiki ya ndani, na wewe hutajua mpaka umemaliza. Programu ya bure ya Open Camera inakuwezesha kuchagua maiki ya nje kwenye mipangilio. Kabla ya kipindi chochote, kwaruza maiki kwa kucha, kisha sikiliza rekodi kama mkwaruzo umeingia kwa nguvu.

Mgeni akija, kuna BOYA BY-M1DM yenye vichwa viwili kwenye waya mmoja. Inafaa, ila sauti zenu zinaingia kwenye faili moja, na mgeni akikohoa juu ya sentensi yako hutaweza kumtoa. Njia ninayoipenda zaidi haina gharama kubwa: nunua mbili za kawaida, kila mmoja achomeke kwenye simu yake na kuiweka mfukoni ikirekodi sauti tu, na simu ya tatu iwe kamera. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, panga milio ya kofi ikutane, na kila mtu atakuwa na faili lake. Simu zote ziwe kwenye hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya kipindi.

Ya pili: dainamiki yenye USB na XLR pamoja

Ukiwa na kompyuta mpakato, hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Samson Q2U, Audio-Technica ATR2100x-USB, Fifine K688 na Maono PD200X zote ni za kundi hili. Maiki za dainamiki hazina masikio marefu: zinachukua kilicho mbele yao kwa karibu na kuacha sehemu kubwa ya kilicho mbali. Mtaani kwenye bodaboda, jogoo wa jirani na spika ya duka la CD, huo ndio udhaifu unaoutaka. Sharti lake ni kuisogelea. Umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, iwe pembeni kidogo ili herufi P na B zisipulize moja kwa moja.

Faida kubwa ni hayo matundu mawili. Leo unachomeka USB kwenye kompyuta na kusikiliza sauti yako kwa hedifoni zilizochomekwa kwenye maiki yenyewe. Kesho, kipindi kikiwa na wageni, unatumia tundu la XLR lenye pini tatu, na maiki ile ile inaendelea na kazi. Utahitaji hatua hiyo mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu kuchomeka maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja ya Windows na kuzirekodi kila moja peke yake ni usumbufu mtupu. Hapo ndipo mtu ananunua saundi kadi, yaani kifaa cha kuunganisha maiki za XLR na kompyuta, kama Focusrite Scarlett 2i2 yenye maingizo mawili, au Zoom PodTrak P4 yenye manne. Hiyo P4 ina sifa ambayo matangazo ya Ulaya hayaisisitizi sana: inaendeshwa kwa betri mbili za AA na kurekodi kwenye kadi ya SD, kila maiki na faili lake. Umeme ukikatika, mazungumzo yanaendelea.

Samson Q2U inakuja na stendi ndogo ya mezani pamoja na nyaya zote mbili, kwa hiyo hununui vipande vya ziada siku ya kwanza.

Ya tatu: zisizo na waya, zile za kweli

DJI Mic Mini, Hollyland Lark M2, Rode Wireless GO II. Ni nyepesi mno (kipande kimoja cha Mic Mini kina gramu 10), zinakuja na vipande viwili, na mgeni anavishwa kwa sekunde chache. Kama kipindi chako ni cha kutembea, mashambani, sokoni, ufukweni, anza na hizi. Kama mnakaa kwenye viti, unalipia uhuru ambao hutautumia, na umejiongezea kazi ya kuchaji.

Jambo la kuuliza kabla ya kulipa: je, kile kipande cha kifuani kinajirekodia chenyewe? Rode Wireless GO II na DJI Mic 2 zinafanya hivyo, kwa hiyo mawasiliano yakikatika bado una nakala. DJI Mic Mini haina kumbukumbu hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa chini.

Ya nne: K8, K9 na ndugu zao

Hizi ndizo maiki za bei rahisi zisizo na waya zinazouzwa kila kona. K8 ni kipande kimoja, K9 ni viwili, na unachomeka kipokezi chini ya simu. Kwa video fupi za TikTok sina ugomvi nazo. Kwa mazungumzo ya saa nzima nina mashaka: betri zake ni ndogo, sauti mbili zinachanganywa kuwa moja, na ile teknolojia ya kupunguza kelele, ukiiwasha, inakata mwisho wa maneno hadi mtu asikike yuko chini ya maji. Nyingi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo Wi-Fi na Bluetooth za jengo zima zinayagombania. Kama ndiyo uliyonayo tayari, itumie, zima kupunguza kelele, na rekodi kwa vipande vya dakika 15 au 20. Kama bado hujanunua, rudi juu.

Ya tano: kondensa za mezani

Blue Yeti na Fifine K669 ni maiki nzuri katika chumba kizuri. Zinasikia kila kitu, pamoja na friji ya chumba cha pili. Wanaoanza huziweka katikati ya meza, watu wawili wakae pande mbili, na matokeo yake ni mwangwi kwa wote wawili. Ukiwa na chumba kilichotulia na unaongea peke yako, ipandishe nafasi mbili.

BM-800, ile inayouzwa kama seti na mkono wa chuma na kichujio cha duara, naiweka mwisho wa kundi hili. Ni kondensa inayohitaji umeme wa volti 48 ili ifanye kazi ipasavyo, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la 3.5 mm unapata sauti ndogo yenye mvumo. Ukinunua kifaa cha volti 48 na saundi kadi, umeshafika bei ya Q2U.

Ya mwisho kwa sasa: Shure SM7B

Ile nyeusi nene inayoning'inia mbele ya kila mtangazaji maarufu. Ni maiki bora, ipo sokoni tangu 2001, na kwa miaka kadhaa bei yake ya Marekani ilikuwa kama dola 399. Lakini sauti inayotoa ni ndogo. Inahitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60, na saundi kadi nyingi za bei ya chini zikifika hapo zinaanza kuvuma. Shure wenyewe walitoa SM7dB mwaka 2023 yenye kikuza sauti ndani. Kwa hiyo bei uliyoiona dukani si bei ya kuanza kazi. Kwa hela hiyo unapata Q2U mbili na P4, yaani kipindi kizima cha watu wawili.

Gharama zisizo dukani

Tenga hela ya bando. Kwa 1080p, YouTube inashauri megabiti 8 kwa sekunde, ambayo kwa saa moja ni GB 3.6 za kupandisha. Kwa 720p ni megabiti 5, yaani GB 2.25, na watu wawili wanaoongea hawapotezi kitu. Thibitisha akaunti yako kwa namba ya simu mapema, kwa sababu isiyothibitishwa haipandishi video inayozidi dakika 15. Ndani ya YouTube Studio, podikasti ni orodha ya video unayoitambulisha hivyo, yenye picha ya jalada ya mraba.

Usikope kununua vifaa ukitegemea matangazo yalipe. Mgawo wa matangazo unaanzia wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Aliye Tanzania na anayekusudia kuzungumzia habari na matukio aulizie leseni ya maudhui ya mtandaoni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kabla ya kununua chochote. Kanuni za 2020 zilirekebishwa 2022, na maelezo ya mtaani mengi bado ni ya zamani.

Ukiwa dukani

Nenda na simu utakayorekodia na hedifoni zako. Chomeka, rekodi dakika moja ukiwa mlangoni penye kelele, sikiliza pale pale. Tikisa waya karibu na ncha zote mbili wakati unarekodi. Ukisikia mikwaruzo, omba nyingine. Kwa maiki zenye majina makubwa, feki ni nyingi, na uzito husaidia: Shure SM58 halisi ina gramu 298, na mizani ya duka la jirani itakuambia. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na muuzaji aandike juu yake muda wa kurudisha kifaa kikiharibika. Akikataa kufungua boksi ujaribu, duka linalofuata liko hatua tatu mbele.