PostgreSQL na funksheni za record: uzoefu wangu

Sisi twatoa mizigo ya watu hapo Kilindini kwa hivyo databesi yetu imejaa kontena tu, na yote iko kwa PostgreSQL, programu ya databesi. Naipenda, lakini kuna kitu huwachosha watu wengi ofisini, zile funksheni zinazorudisha record, yaani mistari ambayo kolamu zake hazikutajwa mapema. Ukiita SELECT * FROM hesabu_yadi() hivyo hivyo yakataa, ati a column definition list is required, yaani kila ukiiita lazima uongeze orodha ya kolamu, AS t(yadi text, idadi bigint). Kijana mmoja kaniuliza mbona isijue yenyewe. Sasa itajuaje bwana, kwiri (lile ombi la SELECT) hupangwa kwanza ndio iendeshwe, na ile nyota * lazima ishakuwa kolamu zenye majina na taipu, yaani aina ya data, kabla funksheni haijatema hata mstari mmoja.

Majina hapo jipe utakayo, taipu ndizo hazina mzaha. count(*), ile ya kuhesabu mistari, hutoa bigint (namba nzima kubwa), ukitaja int (ile ndogo yake) na ndani ni plpgsql, lugha ya PostgreSQL ya kuandikia funksheni, yenye RETURN QUERY utaambiwa structure of query does not match function result type, hata kama jibu lenyewe ni 3 tu!

Nnayoitumia zaidi ni jsonb_to_recordset, ipo tangu 9.4 ya 2014, manifesti (orodha za mizigo) zikija kwa JSON, maandishi ya data yenye jina na thamani yake, nazipasua kuwa mistari na kolamu hapo hapo. Ila huku mambo yageuka, jina ndilo latafutwa, ukiandika uzto badala ya uzito hupati kosa lolote, kolamu nzima yarudi NULL, yaani tupu, kimyaaa. Hii siipendi kabisa, kwa alama za nyota tano, moja naikata hapo, nabaki na nne.

Funksheni unayoandika mwenyewe record ya nini lakini? Weka RETURNS TABLE, iko tangu 8.4, wataja kolamu mara moja basi. Crosstab, ile funksheni ya kugeuza mistari kuwa kolamu, hiyo siilaumu, haiwezi kujua mapema wataka miezi mingapi iwe kolamu. Na ukitaka WITH ORDINALITY, ya kuongeza kolamu ya namba za mistari, ujue haikai pamoja na ile orodha ya kolamu, mpaka orodha uiingize ndani ya ROWS FROM(), sintaksi mbaya wallahi lakini yafanya kazi.

Na wale wasemao tuhamie MySQL, databesi nyingine, tupumzike, JSON_TABLE ya huko, ya kupasua JSON, nayo yataka COLUMNS na taipu zake vilevile, tena njia ya kuifikia kila kolamu ndani ya JSON juu yake.