Uzoefu wangu na Tuxedo: RESTART=Y peke yake haitoshi

Kazi yangu kwenye Tuxedo, mfumo unaoendesha programu za miamala (kila moja huitwa seva), si kuandika programu bali kuzitunza zikiwa hewani, kwa hiyo muda mwingi nashinda ndani ya sehemu ya SERVERS ya faili lake la mipangilio, UBBCONFIG. Mfumo wenyewe nausifu bila kusita. Nisichokiamini ni thamani zake za chaguo-msingi.

Ni mfumo wa zamani. Ulianzia Bell Labs ya AT&T mwaka 1983, ukapitia Novell na BEA, na tangu 2008 uko chini ya Oracle. Uzee huo mimi nauona ni faida: mipangilio ya kila seva iko kwenye faili la maandishi unaloweza kulisoma, kulilinganisha na la jana na kumtumia mwenzako alikague.

Tazama mstari huu, unaofanana na ule niliourithi kwa waliotangulia:

MALIPO SRVGRP=KUNDI1 SRVID=100 MIN=3 RESTART=Y CLOPT="-A"

Ukiusoma harakaharaka unaridhika: nakala tatu za seva zitawashwa, na ikifa yoyote itarudi. Haitarudi. RESTART=Y inatoa ruhusa tu; idadi ya mara inatoka kwenye MAXGEN, na usipoiandika inakuwa 1. Hesabu yake ni kwamba seva inaweza kuwashwa upya mara MAXGEN kutoa moja ndani ya muda wa GRACE. Moja kutoa moja ni sifuri. Kwa hiyo nakala ya kwanza inakufa, mbili zilizobaki zinabeba mzigo, watumiaji wanalalamika kwamba mambo yamekuwa mazito, na wewe unaangalia faili unaona RESTART=Y imekaa pale pale. Nimeona watu wakihangaika na mtandao na hifadhidata kwa muda mrefu, kumbe jibu ni kigezo ambacho hakikuandikwa.

GRACE nayo ina lake. Usipoigusa ni sekunde 86400, yaani siku nzima, kwa hiyo hata ukiweka MAXGEN=5, seva ikirudi mara nne asubuhi, kifo kinachofuata mchana kinaiacha chini. Mimi nimezoea MAXGEN=5 na GRACE=3600: ndani ya saa moja, mara nne inarudi yenyewe, ya tano nataka mtu aje aangalie. Kuna wanaopenda GRACE=0, inayoondoa kikomo kabisa. Mimi sipendi. Mteja akiwa anarudia kutuma ombi lile lile bovu, seva itakufa na kufufuka mpaka ULOG, faili la kumbukumbu za mfumo, ijae, na kwa mbali kila kitu kitaonekana kizima.

Hapo hapo ndipo SVCTIMEOUT inapoingia, ingawa yenyewe inakaa sehemu ya SERVICES. Huduma ikipitisha muda uliowekwa, seva inayoishughulikia inauawa kwa SIGKILL. Hakuna kuaga, hakuna kufunga miunganisho. Kifo hicho kinahesabiwa kama kingine chochote, hivyo ukiwasha SVCTIMEOUT bila kupanga MAXGEN umejiwekea mtambo wa kupunguza seva zako moja baada ya nyingine.

Wengine husafisha mabaki ya seva iliyokufa kwa RCMD, amri inayoendeshwa seva inapoanguka. Angalia: amri hiyo inakwenda sambamba na kuwashwa upya, haisubiriwi. Ni nzuri kwa kutuma taarifa kwa walio zamu, si kwa kufuta faili ambalo seva mpya tayari imeshaanza kulitumia.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni RQADDR. Kwa kawaida kila nakala ya seva ina foleni yake, na ombi likishaingia foleni ya seva iliyokwama kwenye swali zito la hifadhidata, linasubiri humo humo hata jirani akiwa hana kazi. Ukizipa nakala zote RQADDR moja zinachota maombi kwenye foleni ya pamoja, kama benki yenye mstari mmoja unaogawanyika kwa madirisha yote. Kwa seva ambazo muda wa kazi unapanda na kushuka, tofauti inaonekana mara moja. Masharti yapo. Zote zinazochangia foleni lazima zitoe huduma zile zile. Na kama ndani yake kuna huduma inayoita huduma nyingine na kungoja jibu, weka REPLYQ=Y. Bila hiyo, jibu linarudi kwenye foleni ya pamoja na hakuna uhakika litamfikia aliyekuwa analingoja.

MAX, kikomo cha nakala za seva, imewadanganya wengi. Unaandika MIN=3 MAX=6 ukidhani mzigo ukipanda seva zitaongezeka zenyewe. Hilo hutokea kwa seva za mazungumzo tu, zinazobadilishana ujumbe na mteja mfululizo, zenye CONV=Y. Za ombi na jibu, nafasi zimetengwa lakini anayeziwasha ni wewe kwa amri ya tmboot. Pia MAX inakula namba: SRVID=100 yenye MAX=6 inachukua 100 hadi 105, kwa hiyo acheni nafasi kati ya seva na seva. Namba zinafika 30000, hakuna sababu ya kubana.

CLOPT, yaani chaguo zinazopewa seva inapowashwa, sina ugomvi nayo. -A inatangaza huduma zote, -r inarekodi kila huduma na muda wake ili amri ya txrpt ikupe muhtasari, na kinachofuata baada ya -- kinafika kwenye tpsvrinit, sehemu ya programu yako inayoendeshwa seva inapoanza.

Kwa timu inayoanza leo na mfumo mdogo, sidhani kama ningewashauri Tuxedo. Ni mengi ya kujifunza kwa faida ndogo. Kwa miamala mizito isiyotakiwa kusimama naupa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya MAXGEN. Na kwa atakayeurithi kama mimi: juu kabisa ya SERVERS weka mstari wa DEFAULT: wenye RESTART=Y MAXGEN=5 GRACE=3600, seva zote zilizo chini yake zitaurithi, kisha kagua sintaksia kwa tmloadcf -n kabla hujalipakia faili kwenye TUXCONFIG, toleo la binari ambalo mfumo wenyewe unalisoma.