Hambaga yenye sifa au brosheti ya mbuzi?

Kijana wa Goma aliyezoea kuiona Big Mac, hambaga ya mkahawa wa McDonald's, katika simu tu, akifika Bruxelles au Paris, hupanga foleni kuinunua mapema. Sifa zake hazikutoka hewani: tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1967 huko Uniontown, Pennsylvania, imejengwa juu ya mchuzi wake na mkate wa tabaka tatu, ili mlaji akutane na ladha anayoitarajia karibu kila mji. Hilo linastahili kusifiwa, kwa maana nyama yenyewe ni haba: vipande viwili vya takriban gramu 45 kila kimoja kabla ya kupikwa, vyembamba kiasi kwamba mchuzi na achari huvifunika.

Brosheti ya mbuzi, yaani mishikaki, inayochomwa kando ya barabara za Goma haitoi ahadi ya namna hiyo. Leo ni laini, kesho ni ngumu, kulingana na umri wa mbuzi na uvumilivu wa mchomaji. Lakini mafuta yanayodondokea makaa hupandisha moshi unaoipa nyama harufu ambayo bamba la chuma linalopikia Big Mac haliwezi kuitoa, na pilipili pamoja na ndizi za kukaanga huikamilisha. (Mayonezi, ambayo wengi huiomba, naiona haina kazi hapo.)

Whopper, hambaga ya Burger King iliyoanza Miami mwaka 1957, angalau huchomwa juu ya miali ya moto, ndiyo maana naiweka mbele ya Big Mac. Hata hivyo, anayetafuta nyama nitamwelekeza kwa mchomaji wa brosheti. Mwenye haraka, hambaga itamtosha.